Kura milioni tatu, bila kiti hata kimoja: tuwaelewe wanaompigia Seeman

Seeman, mwanasiasa wa jimbo la Tamil Nadu huko India, akitajwa, watu wengi wa nje ya jimbo hilo wanamaliza mjadala kwa sentensi moja: yule dairekta wa filamu anayefoka jukwaani na picha ya Prabhakaran, aliyekuwa kiongozi wa waasi wa Tamil Tigers wa Sri Lanka, nyuma yake, kusini mwa India sinema na siasa ni kitu kimoja, basi. Na wasomi wengi wa Chennai, mji mkuu wa jimbo, nao wanaongezea kwamba ni mbaguzi, hakuna zaidi cha kujadili. Hilo la ubaguzi nitalifikia, na sitalipunguza. Ila maelezo ya sinema hayatoshi kabisa, na wanaoyatumia wanawadharau zaidi ya watu milioni tatu ambao wameenda kupiga kura wakijua fika kwamba mgombea wao hashindi.

Angalia. MGR na Jayalalithaa, waliotoka kwenye filamu wakawa mawaziri wakuu wa jimbo, walikuwa nyota, Vijayakanth naye. Seeman? Ameongoza filamu kama tano tangu 1996, kacheza kacheza kidogo, hakuna aliyewahi kulimwagia maziwa bango lake mbele ya jumba la sinema, kama mashabiki wa kule wanavyowafanyia nyota wao. Kama siasa za kule zingekuwa ni sura tu basi Rajinikanth angekuwa waziri mkuu wa jimbo leo, lakini alitangaza mwisho wa 2017 kwamba anaingia, mwisho wa 2020 akajitoa bila kupigiwa kura hata moja. Kamal Haasan alisimama Coimbatore Kusini 2021 akakosa kwa kura 1,728, na mwaka 2025 akaingia baraza la juu la bunge kwa mgongo wa DMK, moja ya vyama viwili vikubwa vya jimbo. Hao ndo miungu ya sinema ya Kitamil. Wakati huo huo dairekta wa daraja la kati na chama chake cha Naam Tamilar, yaani Sisi Watamil, alichokizindua Madurai Mei 2010, amepanda hivi: asilimia 1 mwaka 2016, karibu 4 mwaka 2019, 6.58 mwaka 2021, 8.19 mwaka 2024. Kila mara peke yake. Kila mara viti sifuri.

Hiyo 6.58 ya mwaka 2021 huwa inanisumbua sana. Bunge la Tamil Nadu lina viti 234. Mwaka ule Congress ilipata asilimia 4 na ushee ikatoka na viti 18, BJP asilimia 2.6 viti vinne, PMK 3.8 viti vitano. VCK, chama cha Wadaliti, watu wa tabaka linalodharauliwa kuliko yote India, kilikuwa chini kidogo ya asilimia 1 kikapata viti vinne! Wakomunisti wa vyama viwili kila kimoja kikapata viwili kwa kura zilizo karibu na asilimia 1. Naam Tamilar ikawa ya tatu jimbo zima kwa wingi wa kura ikaenda nyumbani mikono mitupu. Kura zingegawiwa kwa uwiano ingekuwa na viti kama 15. Sasa hao wengine wote walikuwa ndani ya muungano, DMK upande huu, AIADMK, kile chama kikubwa kingine, upande ule, na mfumo ni ule ule wa Mwingereza tunaoujua hata sisi, mwenye nyingi zaidi anabeba kiti na wengine kwaheri. Kwa hiyo kiti hupati kwa sababu una wafuasi, unapata kwa sababu mkubwa amekuachia nafasi.

Mtu wa hesabu atauliza, sasa si aingie tu muungano? Na hili ndo swali ambalo wachambuzi wanamuuliza Seeman kila uchaguzi kana kwamba hajawahi kulifikiria. Jibu lake lina jina, Vijayakanth. Huyu nyota wa filamu alianzisha chama chake cha DMDK 2005, uchaguzi wa 2006 akasimama peke yake akapata zaidi ya asilimia 8 na kiti kimoja, cha kwake mwenyewe. 2011 akaingia muungano na AIADMK ya Jayalalithaa, akapata viti 29, akawa hadi kiongozi wa upinzani bungeni. Miaka mitano baadaye, 2016, chama kikaanguka mpaka asilimia 2.4 na sifuri. Waliompa kura kwa sababu alikuwa njia ya tatu walimuona amekuwa mlango wa nyuma wa njia ya pili, wakaondoka na hawakurudi. Seeman ameliona hilo kwa macho yake, na kijana wa miaka 22 anayempigia kura ameliona pia au amesimuliwa na kaka yake. Huyo kijana anajua kura yake haitatoa mbunge. Anaitumia kusema kwamba DMK na AIADMK wamepokezana serikali tangu 1967 na yeye hayumo kwenye mpango huo.

Tena anaitoa bure, na hiyo kule si jambo dogo. Pesa za wapiga kura Tamil Nadu zina historia mpaka zina jina, watu wanasema fomula ya Thirumangalam kwa uchaguzi mdogo wa Januari 2009 ambako bahasha za noti ziligawiwa nyumba kwa nyumba. Uchaguzi wa R.K. Nagar ulifutwa Aprili 2017 kwa ajili ya hela, wa Vellore 2019 ukafutwa kwa ajili ya hela. Naam Tamilar inasema hatugawi, na hata wanaomchukia Seeman hawajamtuhumu sana kwa hilo. Mpiga kura anachukua bahasha ya huku, bahasha ya kule, halafu kuna mamilioni wanaenda kumpa asiyewapa kitu.

Halafu wanawake. Mwaka 2021 chama hiki kilisimamisha wagombea kwenye viti vyote 234, wanaume 117, wanawake 117. Nusu kwa nusu. 2019 na 2024 kwenye bunge la taifa vivyo hivyo, 20 kwa 20. Hakuna sheria iliyowalazimisha. Bunge la Delhi lilipitisha ile theluthi moja ya wanawake Septemba 2023 tu, na hata hiyo ikasubirishwa mpaka sensa na mipaka mipya. Sasa uchaguzi ule wa 2021, kati ya wabunge 234 walioshinda, wanawake walikuwa wangapi? 12. Asilimia 5. Katika jimbo lililotawaliwa na Jayalalithaa mara kadhaa, jimbo ambalo vyama vyake vikubwa vinajivunia urithi wa Periyar, baba wa harakati za Wadravidia, aliyepigania wanawake miaka na miaka iliyopita. Chama kimoja kilichoitwa cha wahuni kilisimamisha wanawake karibu mara kumi ya wote waliofika bungeni. Mimi hiyo namba sijaweza kuipita.

Najua jibu. Ukishajua unashindwa, nafasi unaweza kumpa yeyote, haikugharimu. Ni kweli kiasi, kwa sababu vita ya tiketi inakuwa kali pale tu tiketi ina thamani. Lakini tusijifanye haina gharama. Anayepata chini ya moja ya sita ya kura anapoteza dhamana aliyoweka wakati wa kuchukua fomu, na mwaka 2021 wagombea wa Naam Tamilar karibu wote walipoteza za kwao, rupia elfu kumi kila mmoja kwa kiti cha kawaida. Na hawa si wake wa mabwanyenye. Kaliyammal, binti wa jamii ya wavuvi wa Nagapattinam, alipata zaidi ya kura 127,000 Mayiladuthurai mwaka 2024, na jukwaani alikuwa anaongea kuliko mawaziri. Ni chama gani kingine kingempa huyo maiki na kiti cha ubunge wa taifa?

Ila Kaliyammal ndo anayenirudisha upande wa pili, maana Februari 2025 aliondoka chamani, na hakuwa peke yake, miezi ile viongozi wa wilaya walikuwa wanatoka mmoja mmoja. Nusu ya wagombea ni wanawake lakini uamuzi ni wa mtu mmoja. Hotuba kuu ni yake, ilani yake, nani apande nani ashuke ni yeye. Chama kinachojenga majina 117 halafu hakiwezi kumbakisha lile lililo kubwa kuliko yote kina ugonjwa, na wafuasi wake wakiambiwa wanajibu kwamba msaliti ameenda zake. Hapo mimi siwatetei.

Kilichomfanya Seeman awe Seeman ni mwaka 2009. Vita ya Sri Lanka iliisha Mei 18 pale Mullivaikkal, na jopo la Umoja wa Mataifa likaja kusema 2011 kwamba raia waliouawa miezi ya mwisho wanaweza kufika 40,000. Bahari inayowatenganisha ni nyembamba mno, ndugu ni wale wale, lugha ni ile ile, na Tamil Nadu ilikuwa chini ya DMK iliyokuwa ndani ya serikali ya Delhi. Januari kijana anaitwa Muthukumar alijichoma moto Chennai akiomba vita isimamishwe. Aprili Karunanidhi, kiongozi wa DMK na waziri mkuu wa jimbo, akagoma kula ufukweni Marina, mgomo uliodumu masaa machache, ukaisha kwa tangazo kwamba silaha nzito zimesitishwa, na watu wakaendelea kufa. Seeman muda huo alikuwa anaingia na kutoka jela kwa hotuba za kuwaunga mkono Tigers, na 2010 serikali ya DMK ikamfunga tena kwa sheria ya usalama wa taifa mpaka mahakama kuu ikamtoa. Ukitaka kujua kwa nini maneno "DMK imetusaliti" yanaingia mpaka kwenye mfupa wa mtu, anzia hapo, sinema iache.

Na bado picha ya Prabhakaran ina watu wengine ndani yake. Tigers walichukua watoto wakawapa bunduki. Agosti 1990 waliwaua Waislamu zaidi ya mia moja wakiwa kwenye swala misikitini Kattankudy, na Oktoba mwaka ule ule wakawafukuza Waislamu wote wa kaskazini, makumi ya maelfu, wale wa Jaffna wakipewa masaa mawili tu wawe wametoka. Watu waliokuwa wanaongea Kitamil nyumbani kwao! Kiongozi anayesema Watamil ni wamoja halafu anaweka picha ile nyuma yake bila kulizungumza hilo, anawaambia Waislamu wa Tamil Nadu nini? Mwaka 2023 alisema Waislamu na Wakristo wamegeuka watoto wa shetani kwa kuwa wanaipigia DMK, halafu akataka ieleweke kama uchungu wa ndugu. Haieleweki hivyo.

Ila kubwa zaidi kwangu ni hili la nani Mtamil. Seeman anasema Tamil Nadu itawaliwe na Mtamil, na anamaanisha ukoo. Wenye asili ya Kitelugu, lugha ya jimbo jirani la Andhra, walioko pale karne na karne, wanaozikana pale, wanaoota kwa Kitamil, kwake ni wageni waliojificha nyuma ya neno Dravidia, jina la jumla la watu wa kusini mwa India ambalo DMK na AIADMK wanalibeba. Hoja ya Wadravidia hapa ina nguvu kuliko wanavyopewa sifa: wao walisema aliyeko hapa, anayeishi lugha hii na kuipigania, ni wa hapa, ndo maana harakati zao ziliweza kuongozwa na Periyar ambaye nyumbani kwao hawakuwa Watamil kwa asili. Tena chukua kipimo cha Seeman uende nacho kwa MGR. Mzaliwa wa Kandy, Sri Lanka, familia ya Kimalayali kutoka Kerala. Hafai, sio Mtamil. Basi huyo huyo MGR ndiye aliyempa Prabhakaran mamilioni ya rupia miaka ya 80, hakuna mwanasiasa wa Tamil Nadu aliyefika hapo. Kwa damu kapita nje, kwa matendo ni wa kwanza. Kipimo kinachomtoa mtu kama huyo hakipimi kile Seeman anachosema anakitaka.

Na wanaoumia na kipimo hicho sio wakubwa. Februari 2023, kampeni za uchaguzi mdogo wa Erode Mashariki, alisimama akasema Waarunthathiyar waliletwa kutoka upande wa Andhra kuja kufanya kazi ya usafi. Waarunthathiyar ni Wadaliti wa chini kabisa, wanaofagia na kuingia kwenye mitaro, watu waliopewa asilimia yao 3 ndani ya mgao wa ajira na masomo mwaka 2009 baada ya mapambano ya miaka. Polisi wakafungua kesi. Huyu ni mtu ambaye Juni 2025 alikwea mvumo kule Thoothukudi akagema tembo mwenyewe, kwa sababu serikali imepiga marufuku tembo la mgema huku ikiuza pombe ya kiwandani kwenye maduka yake, na alikuwa sahihi kabisa. Anaona dhuluma ya mgema, ya mvuvi anayekamatwa karibu na kisiwa cha Katchatheevu, kati ya India na Sri Lanka, ya mkulima. Kwa mfagiaji wa Erode anaona babu yake alitoka wapi.

Januari 2025 akaenda mbali zaidi, akamshambulia Periyar kwa maneno mazito, na mwezi uliofuata Erode, mji aliozaliwa Periyar, ukapiga kura tena. Naam Tamilar ikatoka kura kama 10,800 za mwaka 2023 hadi zaidi ya 24,000, na wafuasi wakashangilia kwamba mji umeongea. Lakini AIADMK na BJP walikuwa wamesusa, DMK ikabaki na mpinzani mmoja tu wa maana, na hata hivyo dhamana ilipotea tena. Kura za wapinzani wasio na pa kwenda zilikuwa nyingi kuliko hizo na nyingi hazikumfuata. Sasa mwigizaji Vijay naye ameanzisha chama chake, TVK, tangu Februari 2024, nyota kweli kweli huyu, anatafuta vijana wale wale waliochoka na vyama viwili, na anamtaja Periyar kama mmoja wa walimu wake bila kumuuliza mtu ukoo. Wale waliokuwa na Seeman kwa sababu ya kusimama peke yake, kutogawa pesa na nusu kwa nusu ya wanawake wana mlango mwingine sasa, na atakaobaki nao kwa uhakika ni wale waliofuata damu.