Acheni kusema Watanzania hawalipii aplikesheni

Nimechoka na kauli hii, na wiki iliyopita nimeisikia tena kwenye semina moja ya vijana wa teknolojia hapa Dar: "Watanzania hawalipii aplikesheni." Mtoa mada kaitamka, ukumbi ukaafiki, tukaenda kunywa chai. Mle ndani mlikuwa na vijana waliomaliza chuo juzi tu, na mtu mwenye kipaza sauti kawaambia soko lao halipo. Iliniuma sana.

Nendeni Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, mkasimame kwa fundi simu yeyote. Mama anafika na Tecno au itel yake mpya: "Mwanangu, niwekee WhatsApp na hizo nyingine wanazotumia watu." Fundi anaweka, anamfungulia akaunti ambayo nenosiri lake mama hatalikumbuka, anamrushia na nyimbo za kwaya, anapokea chake. WhatsApp ni ya bure! Mama kalipa bila kunung'unika, kwa sababu anayemlipa anamwona, hela anayo mkononi, na shida yake imeisha palepale. Akitoka hapo ananunua bando. Mtu anayenunua bando kila siku ya Mungu, mnasemaje hajui kulipia kitu asichoweza kukishika?

Kinachomkwamisha ni njia ya kulipa. Hela yake iko M-Pesa, Airtel Money au Mixx, kadi ya benki hana. Na ukitaka kumwekea Lipa Namba ndani ya aplikesheni yako anunue huduma ya kidijitali, kanuni za Google, wenye Play Store, kwa kawaida zinataka malipo hayo yapite kwenye mfumo wao.

Na hata angekuwa na kadi, piga hesabu. Umeuza aplikesheni shilingi 2,000, mtu analipa mara moja imetoka. Tangu 2021 Google na Apple wanawakata watengenezaji wadogo asilimia 15 ya mauzo badala ya 30, na hilo nawapa haki yao, ingawa Apple bado anataka dola 99 kila mwaka hata kama hujauza kitu. Unabaki na 1,700, kodi hatujaigusa. Ili upate 600,000 kwa mwezi, hela ya kodi ya chumba, chakula na nauli mjini hapa, unahitaji wateja zaidi ya 350. Mwezi unaofuata unahitaji wengine 350, wapya kabisa, maana wa kwanza wameshamalizana na wewe. Nani atawatafuta? Wewe huyohuyo uliyekesha unarekebisha hitilafu.

Matangazo je? Wapo wanaopata, hasa wenye michezo inayochezwa na watu wengi. Lakini AdMob, mfumo wa Google wa matangazo ya ndani ya aplikesheni, haitoi malipo mpaka ufikishe dola 100, na mtazamaji wa Tanzania analipiwa kidogo kuliko wa Marekani. Kwa mtu anayeanza ni safari ndefu mno.

Sasa mtazameni kijana mmoja wa Sinza ninayemfahamu. Katengeneza programu ya maduka: bidhaa zilizopo, mauzo, na madeni, ambayo ndiyo yanayoua maduka yetu. Inafanya kazi hata bando likiisha, data zinapanda mtandao ukirudi. Inapakuliwa bure Play Store, ila bila akaunti anayokufungulia yeye haikusaidii kitu. Anatoza 15,000 kwa mwezi, na analipwa kwa pesa za simu, nje ya aplikesheni. Maduka 40 tu, ameshafika ile 600,000, na mwezi ujao ni maduka yaleyale.

Nilimkuta mteja wake mmoja, dada mwenye duka la vipodozi Manzese. Alinionyesha simu yake: mafuta ya nywele yameuzwa saba tangu asubuhi, na jina la anayedaiwa liko kwa rangi nyekundu. Akaniambia tangu aanze kuitumia hajagombana tena na binti wa dukani, kwa sababu hesabu wanaiona wote wawili. Nilimuuliza kama 15,000 haimuumi. "Kaka, nilikuwa napoteza zaidi ya hiyo kwa wiki." Huyu ndiye Mtanzania asiyelipa?

Sisemi ni kazi nyepesi. Kijana anatembea duka kwa duka juani, anamfundisha binti wa kaunta hatua kwa hatua, na simu inalia saa nne usiku mtu kasahau namba ya siri. Wapo wasanidi wazuri wa programu wasiojua kuuza, na njia hii itawashinda. Lakini hela ipo, na inatoka kila mwezi.

Kinachomrudisha nyuma kijana huyu ni kitu kingine. Kila mwanzo wa mwezi anakaa na simu, anasoma meseji za malipo moja moja, anatafuta nani kalipa, kisha anafungua akaunti za maduka kwa mkono. Ametaka kuunganisha programu yake moja kwa moja na mtandao wa pesa, akadaiwa makaratasi ya kampuni ambayo mtu mmoja na kompyuta yake hana. Ana TIN, ana kitambulisho cha NIDA, ana wateja wanaolipa. Ninyi wenye mitandao ya pesa, mfungulieni kwa hivyo alivyonavyo, hata kwa kiwango kidogo cha malipo kwa kuanzia, akue akiwa ndani ya mfumo wenu.