Bwana afya na kitabu cha faini

Mtaani, bwana afya akionekana kona ya kwanza, habari imeshafika kona ya tatu. Masufuria yanafunikwa, ndoo ya kunawia inatolewa uvunguni, na mpishi asiye na cheti cha kupimwa afya anageuka mteja ghafla. Kazi hiyo nimeifanya mwenyewe, kwa hiyo huwa nacheka, ingawa si kicheko cha raha.

Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam, Agosti 2015, nilikuwa nazunguka na kichupa cha kupimia klorini. Unachota maji, unatia kidonge, unatikisa. Yakigeuka pinki, klorini imo. Yakibaki kama yalivyo, unaanza maswali. Kupima ni dakika chache tu, shughuli yenyewe ni kuuliza. Dalili huweza kuanza saa chache tu baada ya kumeza vimelea au zikachelewa hadi siku tano, kwa hiyo unamuuliza mtu aliyelegea, ndugu zake wamejaa mlangoni, amekula wapi siku zote hizo, amekunywa maji ya nani, choo wanachangia nyumba ngapi. (La choo huliingii moja kwa moja. Unaanza na mvua, unapitia kodi ya nyumba, ndipo unafika.)

Mama lishe mmoja aliniapia kwamba maji yake ni ya bomba. Siku ya tatu, nikiwa nimekaa kwenye benchi lake nala ubwabwa kwa hela yangu, akasema: ni ya mkokoteni, kisima chenyewe hakijui.

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Si ninyi mlionitoza mwezi ule?"

Alikuwa mwenzangu, si mimi, lakini kizibao ni kilekile. Na siku tatu kwa kipindupindu ni nyingi mno.

Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 ina meno, na wanaofungulia vyoo mtaroni mvua ikinyesha wabanwe tu, sina huruma nao. Ninachogomea ni kumpa mtu mmoja kitabu cha faini leo na dodoso kesho. Mazungumzo nayo yana nguvu yake: mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, kisha wakatoka kuchimba vyoo. Kazi ya kutoza faini apewe mtu mwingine, asiyeingia nyumba yenye mgonjwa.