Kabla hujamruhusu mgonjwa, mfundishe anayemuuguza

Kuna mzee mmoja sitamsahau. Alilazwa kwenye wodi niliyokuwa nafanya kazi miaka ile, kiharusi, upande wote wa kulia haufanyi kazi na mdomo umepinda, presha iko juu kupita maelezo, tukamhangaikia mpaka ikashuka na siku ya tisa daktari akapita raundi akasema huyu anaweza kwenda nyumbani. Kijana wake akaja na bajaji. Akapewa mfuko wa dawa, akaelezwa hii asubuhi hii usiku, mrudi kliniki baada ya wiki nne. Basi. Karatasi ya ruhusa nilimkabidhi mimi mwenyewe na nikamwambia "umtunze mzee", akasema sawa sista, wakaondoka.

Wiki ya nne ikafika na kweli wakarudi. Harufu ilitangulia kuingia mlangoni kabla yao. Mzee ana kidonda pale chini ya mgongo juu ya makalio, kimechimbika mpaka ukitazama unaona mfupa, na visigino vyote viwili vimekuwa vyeusi. Na hapo nawaambieni huyu kijana hakuwa mzembe hata kidogo: mzee ameogeshwa, kanyolewa ndevu, kavaa shati safi, nikampima presha 130 kwa 80, dawa haikurukwa hata siku moja. Nikamuuliza, kaka, baba alikuwa analalaje? Akanijibu, "Sista, nikiona ametulia chali namuacha, najua anapumzika."

Yaani hakuna mtu aliyemwambia. Si daktari, si mimi, si mwenzangu wa zamu ya usiku. Mtu asiyeweza kujigeuza inabidi ageuzwe, jambo ambalo sisi manesi tumefundishwa mwaka wa kwanza kabisa chuoni, na sisi tukamruhusu mtoto wa mtu aende nyumbani bila kulijua.

Tangu siku ile nina msimamo mmoja na ndiyo naandika hapa leo. Mgonjwa anayeuguzwa nyumbani asiruhusiwe mpaka ndugu atakayemuuguza amefundishwa, na kufundishwa si kuambiwa, ni yeye mwenyewe afanye mbele ya nesi kwa mikono yake. Na hiyo iandikwe kwenye faili kama tunavyoandika sindano na dripu.

Baraza la Kimataifa la Wauguzi limesema siku nyingi kwamba kazi ya muuguzi iko mafungu manne, kukuza afya, kuzuia magonjwa, kurejesha afya na kupunguza mateso. Angalia hayo mawili ya kwanza, nusu nzima ya kazi yetu inafanyika kabla mtu hajaumwa au kabla ugonjwa mmoja haujazaa mwingine. Lakini ingia wodi yoyote uangalie siku inavyokwenda, sindano, kidonda, dripu imeisha, maabara wanataka sampuli, nusu hiyo ya kwanza tunaifanya tukipata nafasi. Na nafasi haipatikani.

Sasa nieleze hicho kitu chenyewe cha kugeuza maana nikisema "mfundishe" bila kusema afundishwe nini nitakuwa nimefanya kosa lilelile.

Mtu akilala sehemu moja, nyama yake inabanwa katikati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na isipopita kwa masaa kadhaa ile nyama inaanza kufa. Mara nyingi inaanzia ndani karibu na mfupa ndipo inatokea juu, kwa hiyo siku unaona ngozi imefunguka huenda huko ndani kazi imeshaharibika zamani. Sehemu za kuangalia ni pale juu ya makalio, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega, kisogo, kwa wengine hata masikio. Wodini tumezoea kumgeuza kila baada ya masaa mawili na hata nyumbani ndiyo namwambia ndugu aanze hivyo: saa mbili asubuhi analalia kulia, saa nne chali, saa sita kushoto, unaandika kwenye karatasi unabandika ukutani ili anayekuja kupokea zamu, awe dada au jirani, ajue zamu hii ni upande gani. Ule upande uliopooza usimlalishe muda mrefu kwa sababu hasikii maumivu ya kukushtua.

Na usimburute. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, mgonjwa kateleza kashuka kuelekea miguuni mwa kitanda, unamshika kwapani unamvuta juu, ile ngozi ya makalio inabaki kwenye shuka. Tandika kanga nzito au shuka iliyokunjwa mara mbili chini yake kuanzia mabega mpaka mapajani, watu wawili mmoja kila upande, mnakunja ncha mpaka karibu na mwili, mnahesabu moja mbili tatu, mnamnyanyua na kanga yake. Akishalala ubavu weka mto kati ya magoti, mwingine mgongoni. Akilala chali, kunja kanga au blanketi uweke chini ya zile nyama za nyuma ya mguu ili kisigino kining'inie, kisiguse godoro kabisa, upitishe karatasi pale chini ipite bila kukwama.

Kuna mambo tunayoyafanya kwa nia njema na hayafai. Ile ya kujaza maji kwenye glavu na kuiweka chini ya kisigino, nimeiona wodi nyingi na mimi mwenyewe nimewahi kuifanya, haisaidii. Ile ya kumkalisha mtu kwenye mpira wenye tundu katikati kama tairi, inabana damu pembeni ya tundu na kuongeza tatizo. Na kusugua au kukanda sehemu iliyoanza kubadilika rangi, usifanye, unazidi kuichana nyama iliyochoka.

Halafu kuna hili la rangi, ambalo natamani wanafunzi wote wa uuguzi wa kwetu walisikie. Vitabu vinasema angalia wekundu, bonyeza kwa kidole, ukiachia pasipopauka ujue kidonda kimeanza. Sasa kwenye ngozi nyeusi kama yangu huo wekundu utauona wapi? Unakuja kuona siku ngozi imepasuka. Kwa watu wetu tumia mkono, weka mgongo wa kiganja pale juu ya makalio kisha pembeni yake, linganisha joto, kama pana moto kuliko pengine au pamepoa kuliko pengine, bonyeza usikie kama pamekuwa pagumu au panabonyea kama mkate uliolowa, angalia kama pameiva rangi ya zambarau au peusi zaidi ya ngozi ya kando, na muulize panauma. Kidole cha ndugu anayemuogesha kila asubuhi kitagundua hayo mapema kuliko macho ya daktari anayemuona mara moja kwa mwezi.

Nikishamaliza hapo namwonyesha kulisha. Mgonjwa wa kiharusi asinyweshwe uji amelala, akae wima, vijiko vidogo, ameze kwanza ndiyo kijiko kingine, akikohoa kohoa au sauti ikawa ya maji maji simamisha umrudishe hospitali akaangaliwe namna anavyomeza, na akimaliza abaki amekaa kama nusu saa. Mdomo usafishwe asubuhi na jioni hata kama hana meno, maana uchafu wa mdomoni ukishuka kwenye mapafu ndiyo nimonia ile. Mayai, maharage, dagaa, chochote chenye protini ambacho nyumba inakimudu, ngozi haijijengi kwa uji mtupu. Akijikojolea abadilishwe hapohapo. Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla na baada, si muda wa kupoteza, sekunde 40 mpaka 60 tu, na glavu haiondoi hilo. Mnakumbuka zile ndoo za koki zilizokuwa kila mlango wa duka na kila geti 2020? Ziko wapi? Angalau moja ingebaki kwenye mlango wa chumba cha mgonjwa.

Presha nayo nitaisema kwa ufupi. Mzee yule alipata kiharusi akiwa hajawahi kupimwa, ila kuna wengi wanapimwa na vipimo si vya kweli, mtu kashuka bodaboda, kapanda ngazi, foleni imemchosha, anavutwa mkono juu ya nguo huku anaulizwa jina na umri, halafu tunaandika 160. Akae kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini isipishane, mkono uko juu ya meza usawa wa moyo, na asiongee, na wewe nesi usimuongeleshe. Kipimo cha hovyo kinampa mmoja dawa asizohitaji na mwingine kinamficha mpaka siku anaanguka bafuni.

Najua wenzangu mtaniambia nini. Usiku niko peke yangu na wagonjwa zaidi ya 30, saa ngapi nikae nifundishe kukunja kanga? Nalijua hilo, nimelala njaa kwenye zamu hizo na kwa kweli idadi yetu ni ndogo, serikali iajiri, hilo halina mjadala. Ila nipigieni hesabu na hii. Kile kidonda cha mzee nilikisafisha mimi kila siku ya Mungu, nusu saa, na kilichukua miezi. Kumfundisha kijana kungechukua dakika 20, na ndugu wako palepale mchana na jioni wamekuja na hotipoti, wamekaa kwenye benchi nje wanasubiri muda wa kuona wagonjwa, waite watatu wanne kwa pamoja, tumia mgonjwa mmoja aliyekubali, kila mmoja ashike kanga ajaribu. Wanapenda! Nimewaona wanavyoinama kuangalia.

Kinachotukwamisha zaidi ya muda ni kwamba kazi hii haihesabiwi. Vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za kituo cha afya, tunajaza waliozaliwa, waliolazwa, waliokufa, malaria wangapi, kuhara wangapi. Safu ya kidonda ambacho hakikutokea sijawahi kuijaza. Mkaguzi akija anauliza dawa na rejista, hajawahi kuniuliza mgonjwa wa kitanda namba sita aliyeruhusiwa jana, nani anamgeuza usiku huu.

Na elimu ya afya tunayotoa asubuhi pale kliniki ya mama na mtoto, naisemea kwa upendo kwa sababu nimeitoa mara nyingi, mara nyingi inakuwa ni sisi kusema na akina mama kuitikia. "Mmenielewa?" "Ndiyooo." Hilo "ndiyo" halina habari yoyote ndani yake. Siku hizi nauliza hivi, mama, ukifika nyumbani baba watoto akikuuliza sista kasemaje utamjibu nini? Hapo ndipo unasikia, mmoja anasema umesema tusiweke kitu kwenye kitovu, sahihi kabisa, mwingine anasema umesema tuweke ila kidogo. Huyo wa pili angeitikia "ndiyooo" na kwenda zake.

Wazee wetu walishalijua hili. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, redio ilisema lakini haikuishia kusema, watu karibu milioni 2 walikaa vikundi vikundi kijijini, wanasikiliza kipindi, wanajadiliana, kisha wanatoka wanaenda kuchimba choo na kufukia madimbwi. Nguvu ya kampeni ile naiona hapo kwenye jembe. Mtu alisikia Jumatatu na Jumamosi yuko shimoni anachimba na wenzake, na aliyeelewa vibaya alirekebishwa palepale na jirani.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo. Kwenye karatasi ya ruhusa uongezwe mstari: ndugu anayeuguza ni nani, amefanya nini mbele ya nesi, amegeuza, amelisha, amekagua ngozi, tarehe, sahihi ya nesi na sahihi yake. Mstari usipojazwa mgonjwa hatoki. Mganga mkuu anaweza kuuanzisha kituoni kwake kesho kwa kalamu na rula, haihitaji bajeti. Na namba ya simu ya wodi iandikwe chini, kwa sababu siku ya tatu nyumbani ndipo maswali yanapoanza.

Kidonda cha yule mzee kilikuja kufunga baada ya miezi saba, kijana akijifunza kila siku pembeni yangu mpaka ikafika mahali yeye ndiye ananielekeza mto ukae wapi. Mzee alifariki mwaka uliofuata, kiharusi cha pili, ngozi yake ikiwa nzima. Mwaka jana nikiwa zamu ya jioni nikasikia mtu ananiita kwenye korido, "Sista shikamoo," nikageuka ni yeye, kaongozana na binti wa jirani yake ambaye mama yake alikuwa anaruhusiwa asubuhi yake. Kashika kanga mbili zimekunjwa kwapani. Akaniambia, "Nimemleta huyu umwonyeshe ile ya kugeuza kabla hawajaondoka, mimi nitashika upande wa pili."