Anayehama kazi baada ya miaka mitatu tunamwonea

CV yenye waajiri watatu ndani ya miaka minane bado inakunjiwa uso kwenye usaili mwingi wa Dar es Salaam. Swali linakuja hata kabla ya maswali ya kazi yenyewe: "Mbona hapa ulikaa miaka miwili na nusu tu?" Anayejibu kwamba alifuata mshahara amekwisha. Nyumbani nako ni yale yale. Mzee aliyestaafu kwenye ofisi aliyoingia akiwa kijana anamwona mwanawe hatulii, na mtembezi hula miguu yake. Mitandaoni upepo umegeuka kabisa: usikae popote zaidi ya miaka miwili, mwajiri si ndugu yako.

Nazungumzia ajira binafsi Tanzania, watu wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi. Watumishi wa umma wana madaraja yao na uhamisho wao, hiyo ni habari nyingine.

Wanaosisitiza mtu akae hutaja kwanza kiinua mgongo, kwa hiyo tukipigie hesabu. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa mfanyakazi aliyeachishwa kazi angalau mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza kwa mwajiri huyo. Hizo siku saba wengi wanazijua. Kinachosahaulika ni kwamba hesabu inakoma kwenye miaka kumi.

Chukua karani wa ghala mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 780,000. Ukigawa kwa siku 26 za kazi, siku yake moja ni shilingi 30,000. Siku saba ni 210,000. Kwa miaka kumi, 2,100,000, ambazo hazifiki hata mishahara yake mitatu. Sasa mwongezee miaka. Akae 15, akae 22, awe amewafundisha mameneja wanne jinsi ghala hilo linavyokwenda. Siku kampuni ikipunguza watu akiwa na mshahara huo huo, kima cha chini cha sheria ni milioni mbili na laki moja zile zile. Mwaka wa 11 mpaka wa 22, kwa upande huu, ni sifuri. Ukigawa kwa siku 30 badala ya 26, ndiyo kwanza inashuka hadi 1,820,000. Posho ya nyumba na ya usafiri hazimo, kwani kinachohesabiwa ni mshahara wa msingi. Na hapo tumechukulia kwamba ameachishwa. Akiacha mwenyewe, hana. Mkataba wa muda maalumu ukifika tarehe yake ya mwisho, hana. Akifukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, hana.

Ni kweli sheria imesema "angalau", na penye chama cha wafanyakazi chenye nguvu mkataba wa hali bora, yaani ule ambao chama kinafunga na mwajiri kwa niaba ya wafanyakazi, unaweza kuongeza. Lakini karani wa ghala la mtu binafsi Vingunguti ana mkataba wa hali bora wa wapi?

Kinachokua kweli kwa miaka ni pensheni, na pensheni haiulizi ulimtumikia nani. NSSF inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15, na miezi hiyo inajumlishwa kwenye namba ile ile ya uanachama hata kama miaka mitano ulifanya Arusha, minne Mwanza na sita Dar. Kinachoiua pensheni ni mwajiri anayekukata kila mwezi na michango haipeleki. Kwa mwajiri wa namna hiyo hata mwaka ni mwingi, na aliyemvumilia miaka minane kwa jina la uaminifu amepoteza zaidi ya yule aliyeondoka mapema.

Halafu kuna nyongeza. Anayekaa hupewa asilimia anayopangiwa, mwaka mwingine hapewi, huku anayeingia kutoka nje anajadiliana. Ndiyo maana utakuta mtu amemfundisha kazi mgeni kwa wiki mbili, kisha hati ya mshahara ya mgeni inasahaulika kwenye printa na siri inatoka: anayefundishwa anamzidi aliyemfundisha. Wakubwa wanajua. Wanamtegemea huyo wa zamani asiulize, na akiuliza wanamwambia bajeti imefungwa. Akileta barua ya ajira mpya, bajeti inafunguka jioni hiyo hiyo. Sasa mtu wa aina hii akiondoka mwaka wa tatu, tunamwita hana msimamo kwa lipi? Ametumia njia pekee ambayo ofisi yenyewe imemwonyesha kuwa inafanya kazi.

Wanaosema mtu atulie nao wana hoja, na baadhi ni za fedha kabisa. Kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimfikii aliye chini ya miezi sita kazini, kwa hiyo kila ukihama unaanza tena nje ya kinga hiyo. Kampuni ikiyumba, wa mwisho kuingia mara nyingi ndiye wa kwanza kutoka. Fao la kutokuwa na ajira la NSSF ni la aliyeachishwa, si la aliyeandika barua mwenyewe, hivyo kuacha kabla ajira mpya haijasainiwa ni kujitosa. Wenye mikopo ya benki inayokatwa kupitia mwajiri wanajua kwamba barua ya kuacha kazi inaanzia benki. Na mwajiri mdogo aliyempokea kijana asiyejua kitu, akamvumilia makosa mwaka mzima, akimpoteza pale alipoanza kumfaa ana haki ya kuumia.

Hoja yao nzito zaidi, hata hivyo, ni ya ujuzi, na ndiyo inayonifanya nisikubaliane na wale wa mitandaoni. Mtazame mhasibu wa kampuni inayofunga mwaka Desemba 31. Mwaka wa kwanza anarithi vitabu vya mwingine: wadaiwa ambao hakuna anayewajua, stoo isiyolingana na daftari, PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mishahara, ya mwezi fulani iliyopita tarehe 7, siku ya mwisho ya kuilipa, bila kulipwa. Anafunga hesabu kwa kuzibaziba, wakaguzi wanakuja, ritani ya kodi ya mwaka inakwenda TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya Juni 30 kwisha. Kila dosari ina jina la aliyeondoka. Mwaka wa pili dosari ni zake. Lile ingizo alilolipachika Machi ili mizania ikae sawa, mkaguzi analiwekea kidole na kumuuliza risiti iko wapi. Hapo ndipo uhasibu unapoingia, na aliyeondoka kwenye mwezi wa 14 hajafika hapo. Amefunga mwaka mara moja tu, tena wa mwenzake.

Kwa hiyo kipimo changu ni mzunguko wa kazi wenyewe: uuanze, uumalize, kisha uurudie ukiwa unawajibika kwa ulichofanya mara ya kwanza. Kwa mhasibu hiyo ni miaka miwili na nusu hivi. Kwa mpishi wa hoteli ya watalii ni misimu miwili. Fundi wa miradi ya ujenzi anaweza kuhitaji miaka minne kama jengo linasuasua, wakati muuzaji wa dukani pengine mwaka mmoja unamtosha. Baada ya hapo, anayebaki awe na sababu anayoweza kuitaja: cheo kinachokuja, shule ya watoto iliyo karibu, bosi anayemfundisha bado. Hizo ni sababu nzuri. Kiinua mgongo hakimo.

Wasaili nao waache kuhesabu tarehe peke yake. Mwombaji ana cheti cha utumishi, ambacho mwajiri anatakiwa kumpa anapoondoka. Wamuulize kila kituo alimaliza nini, na alimwachia nani. Sheria inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na kwa mhasibu siku hizo zinatosha au hazitoshi kutegemea mwezi. Akiondoka Julai baada ya ritani, makabidhiano yanakamilika wiki mbili. Aliyeandika barua Februari mosi, wakaguzi wakitarajiwa Machi, hata mimi nisingemwajiri, awe amekaa miaka miwili au kumi na miwili.