Kosa si la pumba, ni la pumba tupu

Kondoo akifa penye kihori cha pumba, lawama zote hubebeshwa pumba. Nimewasikia wafugaji wakiapa kutozigusa tena, na wengine wakiziita taka za mashine. Siwaungi mkono hata kidogo. Katika ukanda wa joto, mfugaji mdogo ana lishe chache za ziada zilizo karibu naye kuliko hiki kinachobaki mahindi yakikobolewa, ngano ikisagwa au bia ikipikwa. Ninachosisitiza ni kwamba pumba peke yake hazitoshi kuwa mlo. Zinataka majani mbele yake, chokaa ndani yake na maji kando yake, na pale zinapotolewa bila hivyo ndipo mnyama anapoumia.

Tuanze na majani. Nyasi za ukanda huu huota upesi mvua ikinyesha na hukomaa upesi vilevile. Kiangazi kikishika, protini yake huweza kushuka chini ya asilimia 7 ya uzito mkavu. Hapo wanaotangulia kuona njaa ni vijidudu vilivyomo katika tumbo kubwa la kucheua, ambavyo ndivyo vinavyovunja nyuzi za majani. Vikikosa nitrojeni inayotoka kwenye protini haviongezeki, majani hukawia tumboni, na kondoo hukonda huku tumbo limejaa. Mpe kondoo wa kilo 30 gramu 200 au 300 kwa siku za pumba za ngano, zenye protini ya asilimia 15 hadi 17, na utamwona akirudia majani makavu aliyokuwa akiyaacha. Faida ya pumba iko hapo, katika majani zinayomwezesha kula. Ukizidisha kipimo, faida inageuka: anashiba pumba, anayaacha majani, nawe unanunua chakula cha kuchukua nafasi ya kile ulichokuwa ukikipata malishoni.

Pumba za mahindi zina protini kidogo zaidi, kwa kawaida kati ya asilimia 9 na 12, kwa hiyo hufaa zichanganywe na mashudu au majani ya miti ya jamii ya mikunde. Machicha ya bia yana protini nyingi, karibu robo ya uzito mkavu, lakini yakiwa mabichi zaidi ya robo tatu yake ni maji. Ndoo iliyojaa si nyingi kama inavyoonekana. Tena kwenye joto huchacha ndani ya siku chache, labda uyashindilie kwenye pipa lisilopitisha hewa.

Saa ya kulisha nayo ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kucheua na kuvunja nyuzi huzalisha joto mwilini, ndiyo maana kondoo anayehema adhuhuri hataki kula. Wengi hutoa pumba asubuhi, kabla ya kufungua zizi. Mimi napinga mtindo huo. Mnyama mwenye tumbo tupu anazifakamia kwa pupa, wanga uliobaki humo unachacha haraka, na asidi inapanda tumboni. Toa pumba jioni, wakati ametoka malishoni na jua limepoa. Na kama hajawahi kuzila, anza na konzi moja na uongeze polepole kwa muda wa wiki mbili.

Sasa nije kwenye kile kinachoniuma zaidi, yaani vijiwe vya mkojo, kwa sababu kinaua madume wanene walio karibu kuuzwa na kingeweza kuzuiwa kwa urahisi. Pumba za ngano zina madini ya fosforasi yanayozidi asilimia 1, ilhali madini yake ya kalisi ni kama sehemu moja ya kumi ya hiyo. Kondoo anahitaji kinyume chake: kalisi ikaribie maradufu ya fosforasi. Kwa kuku, sehemu kubwa ya fosforasi ya pumba imefungwa na hupita bila kutumika. Kwa kondoo, vijidudu vya tumboni huifungua, nayo huingia kwenye damu. Mwili wake huiondoa kwa njia ya mate, kisha kinyesi. Mate mengi hutoka anapotafuna na kucheua majani marefu. Mnyime majani, umlishe pumba laini, mate yanapungua na fosforasi inatafuta njia ya mkojo. Humo hukutana na magnesi na amonia, na vijiwe vinaanza kujengeka. Joto likiwa kali na maji haba, mkojo unakuwa mzito na vijiwe vinajengeka upesi zaidi.

Jike huvipitisha, kwa kuwa mrija wake wa mkojo ni mfupi na mpana. Wa dume ni mrefu, umepinda katikati, na unaishia kwenye kijincha chembamba kama mnyoo. Aliyehasiwa akiwa mdogo sana yuko hatarini zaidi, maana mrija wake haupanuki inavyopasa. Utamwona amekunja mgongo, anajikamua, anapiga teke tumbo lake, anatoa matone au hatoi kitu. Watu hudhani amefunga choo, wakamnywesha mafuta, na muda unapotea hadi kibofu kinapasuka. Huyo ni wa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Kinga yake ni kuchanganya kilo 2 za chokaa ya mifugo katika kila kilo 100 za pumba ili kuongeza kalisi, siyo ile chokaa ya kupaka kuta. Ongeza kilo 1 ya chumvi ili anywe maji zaidi, kisha maji safi yawepo mchana na usiku. Chumvi bila maji ni hatari nyingine.

Pumba za mpunga zinataka jicho kali. Pumba laini zina mafuta mengi, na mara mpunga unapokobolewa mafuta hayo huanza kuharibika; joto huharakisha. Nunua za kutosha siku chache tu. Mashine nyingine huzichanganya na maganda, ambayo takriban sehemu moja ya tano ni majivu ya silika yasiyo na lishe. Zitie kiganjani, na ukihisi zinakwaruza, ujue umelipia maganda.

Zenye ukungu usizitoe hata kama ni gunia zima. Sumukuvu hubaki zaidi kwenye pumba kuliko kwenye unga, na kuanika upya hukausha ukungu lakini sumu haiondoki. Na usimalizie kwa kondoo mchanganyiko wa madini uliotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe au nguruwe: shaba iliyomo hujilimbikiza katika ini la kondoo kwa wiki nyingi bila dalili, kisha humwagika ghafla kwenye damu, macho yakawa manjano na mkojo mwekundu wa kahawia.

Pumba zikiwa chache, kumgawia kila mmoja kidogo kidogo naona si haki, ijapokuwa inaonekana hivyo. Watangulize majike walio katika wiki sita za mwisho za mimba. Takriban asilimia 70 ya ukuaji wa mwanakondoo tumboni hufanyika wakati huo, na mwenye mapacha tumbo lake la chakula limebanwa, hawezi kujaza majani ya kumtosha. Wafuate wanakondoo walioachishwa kunyonya, hasa msimu wa mvua, minyoo ya *Haemonchus contortus* inapowanyonya damu. Protini huwasaidia kustahimili, ingawa dawa ya minyoo bado wataihitaji. Dume mzima asiye na kazi ya kupanda msimu huo abaki na majani yake na maji.