Simu Inaninyima Chapati

Simu ya mwanaume ikilia alfajiri hapa Nairobi, huwa ni mambo mawili: pesa zimeingia, ama kuna mtu anazitaka. Yangu ikilia, ni meseji ya kliniki, inauliza kama nimekunywa maji.

"Habari ya asubuhi! Glasi ya maji kabla ya kiamsha kinywa husaidia kupunguza uzito."

Maji gani? Mfereji wa kwetu Kayole hutoa maji siku ile umesafiri. Siku ukiwepo unapiga mluzi tu. Maji nayanunua kwa mtungi wa lita 20, nayabeba mwenyewe hadi orofa ya tano, na nikiwa bado nahema pale mlangoni simu inalia tena: "Leo jaribu kutumia ngazi badala ya lifti!" Lifti! Jengo ambalo landilodi ameshindwa kuweka hata balbu ya ngazi, nani atamwambia habari ya lifti?

Aliyeniingiza kwenye haya mambo ni mama watoto. Tulienda kliniki kwa sababu ya mgongo, wakanipandisha kwenye mzani: kilo 90, urefu mita 1.70. Daktari akachukua kilo, akagawanya kwa urefu, akagawanya tena kwa urefu uleule, akapata 31. Sikuzoea kupata alama za juu hivyo. Akaeleza kwamba ukifika 25 umezidisha uzito, na ukifika 30 hilo ni jina lingine kabisa, akalitaja kwa Kiingereza ili lisiniume. Kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu, mama watoto alikuwa amekariri namba yangu ya simu yote kwa yule msichana wa mapokezi, niandikishwe kwa meseji za kupunguza uzito. Namba yangu! Akitaka kunipigia huwa anatafuta kwa jina, lakini siku hiyo alikuwa nayo kichwani.

Sikatai sayansi. Msichana wa mapokezi alinieleza, nami nikahakikisha kwenye simu ya kijana wangu, kwamba kule San Diego, Marekani, watafiti walichapisha utafiti wa meseji kama hizi za kupunguza uzito mwaka 2009. Watu walitumiwa meseji mbili hadi tano kila siku kwa miezi minne, wakapungua kama kilo mbili zaidi ya wenzao waliokuwa wakipewa karatasi za ushauri mara moja kwa mwezi. Kilo mbili. Hiyo ni pakiti moja ya unga. Miezi minne unapigiwa kelele na simu, ndipo utue pakiti moja ya unga! Na huyo wa San Diego hakuwa akizitafuta meseji zake katikati ya zile za kubeti na za mkopo uliochelewa.

Kinachonikera ni kwamba anayeandika hizi meseji hajawahi kupanda matatu ya Jogoo Road. "Badala ya vitafunio vya sukari, kula lozi chache." Lozi mimi nimeziona kwenye supamaketi, zimefungwa vizuri, nikasoma bei, nikazirudisha polepole nisije nikaambiwa nimezivunja. "Tembea dakika 30 mahali tulivu." Mvua ikigusa jiji nauli inaruka mara mbili, nami natoka Industrial Area kwa miguu, nimekunja suruali, naruka mitaro huku pikipiki zikinipigia honi hata kwenye njia ya wapita njia. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afanye mazoezi angalau dakika 150 kwa wiki. Hizo mimi msimu wa mvua nazimaliza Jumanne.

Halafu kuna hii simu yangu, kabambe, ya kumulika mwizi. Mjerumani mmoja, Friedhelm Hillebrand, aliamua miaka ya 1980 kwamba herufi 160 kwa meseji moja zinamtosha binadamu kusema lake. Sasa kliniki yetu ina maneno mengi, kwa hiyo meseji inakatwa vipande viwili, na simu yangu haina akili ya kuviunganisha. Jioni moja kipande cha pili kikatangulia:

"...chapati, nyama choma na ugali mwingi. Fanya hivyo leo, mwili wako utakushukuru!"

Nikafanya. Mimi ni nani nibishane na kliniki? Kipande cha kwanza kiliingia kesho yake nikiwa kazini, maelezo marefu yakiishia hivi: "...usiku huu, kwa ajili ya afya ya moyo wako, epuka". Mwili ulikuwa umeshashukuru.

Ijumaa wanataka uzito. Nyumbani hatuna mzani, basi naenda kwa wale jamaa wanaokaa na mizani kando ya barabara ya Tom Mboya. Unalipa sarafu, unapanda, na jamaa anasoma kwa sauti ya makanga: "Tisini na mbili, mzee!" Foleni nzima ya matatu inageuka. Mama mmoja akaniambia pole. Nikamwonyesha viatu vyangu vya kazi, vile vyenye chuma mbele, akasema tena pole.

Na si kwamba Nairobi hatujui kutuma meseji yenye maana. Kuna utafiti ulifanywa hapahapa, Pumwani ikiwemo, ukachapishwa 2010 kwenye jarida la Lancet. Wagonjwa walioanza dawa za ARV walitumiwa neno moja kila wiki: "Mambo?" Unajibu "Sawa" ama "Shida" ndani ya saa 48. Ukisema shida, ama ukinyamaza, muuguzi anakupigia. Na walimeza dawa vizuri kuliko wale ambao hawakutumiwa chochote. Neno moja! Hakuna lozi, hakuna lifti. Mtu anakuuliza hali kisha anangoja jibu.

Mimi nikiulizwa mambo saa moja jioni pale stejini, moshi wa mutura umenishika kola, makanga anasema "mzee, songa, hapo ni watu watatu" na tayari tuko watatu, ningejibu SHIDA kwa herufi kubwa. Basi juzi nikaamua kujibu hata kama sijaulizwa. Nikatuma SHIDA. Jibu likaja upesi kuliko meseji ya mshahara:

"Samahani, jibu lako halitambuliki. Tuma 1 kama umefanya mazoezi, 2 kama umekula mboga."

Nikatuma 2. Ni mwisho wa mwezi, sukuma wiki tunaila tangu tarehe kumi na tano, na hakuna daktari aliyeniandikia.

"Hongera! Umetimiza lengo lako la wiki. Jipe zawadi ndogo!"

Zawadi gani, hawakusema, na herufi zilikuwa zimebaki tele. Nikatazama meseji, nikamtazama mama wa chapati pale kona, naye akawa ameshafunua hotpoti.

"Leo ni mbili ama tatu, baba?"