Blenda ya Mama Neema na Meno ya Bosi

Mbwa wetu, Bosi, ana miaka 12. Enzi zake alikuwa akitafuna mfupa wa ng'ombe hadi jirani anafunga dirisha. Mwaka huu akaanza kuisusia dona yake: analamba mchuzi tu, kisha ananikodolea macho kana kwamba mimi ndiye niliyemng'oa meno.

Bwana mifugo akampanua mdomo, akarudi nyuma hatua moja. Harufu! "Mbwa mzima ana meno 42. Huyu nimehesabu 31, na mawili yanacheza. Ugaga umejaa, fizi zimevimba. Nitakuja kumsafisha, kwa sasa mpe vitu laini. Mifupa basi. Na vitunguu usithubutu, ni sumu kwake."

Nikaanza na kinu. Dagaa wa kwanza akaniruka jichoni. Jicho lililobaki zima likaiona blenda ya mke wangu, mpya, ambayo hata mimi niliruhusiwa kuitazama tu.

Kwa siku nne, mke wangu akishatoka kwenda dukani, nasaga: dagaa wa kuchemsha, dona, maji ya uvuguvugu. Unatoka uji wa kijivu kama zege. Bosi alikuwa anailamba sahani mpaka inamfikisha getini. Kisha naosha kwa sabuni, naosha kwa limau, nanusa, narudisha kabatini.

Jumapili akaja mama mkwe. Mke wangu akasaga maembe na pasheni. Mama akapiga funda la kwanza, akanyamaza. La pili, akaichungulia glasi.

"Baba Neema, maembe ya siku hizi mnayavua ziwani?"

Nikasema labda ni mbolea. Kidogo tu anikubalie. Kumbe chini ya visu kuna kimpira, na kile kimpira hakijui limau wala sabuni.

Mke wangu akawasha blenda tena, kusaga juisi ya watoto. Sasa Bosi, ambaye mwezi uliopita mwizi alimruka akiwa amelala na kuondoka na kuku wetu wawili, huyo akaingia sebuleni mbio, akapita juu ya zulia, akakaa mbele ya mama mkwe, ute unachuruzika. Mdomoni, kwa yale meno 31, amebeba sahani yake ya plastiki.

Blenda ikazimwa. Mke wangu akaitazama sahani, akamtazama mama yake, akanitazama mimi.

"Baba Neema."

Bosi sasa ana blenda yake rasmi. Mama mkwe naye akija anakuja na soda, na kizibo anafungua mwenyewe.